Mrejesho: mdogo wangu na kile kipindi cha mazoezi ya kikomando

Aksanti sana ndugu zangu. Niliwauliza kama mdogo wangu anayeishi Uingereza aitikie tangazo la kutafuta wapenda milima kwa kipindi cha televisheni cha mtindo wa jeshi, SAS: Who Dares Wins cha Channel 4. Wengi mlisema ajaribu, ila aanze na miguu. Ameshaomba.

Ushauri wa miguu ndio uliomfaa kuliko yote. Alipokuja Bukavu likizo tulipandisha kutoka kandokando ya ziwa hadi juu kabisa ya mji, yeye na begi la mchanga mgongoni. Kisigino kikatoa lengelenge siku ileile. Tangu hapo anabandika plasta kabla ya kutoka, anavaa soksi mbili, nyembamba ndani na nene nje, na kamba za viatu anazikaza upya kila anapoanza kuteremka. Malengelenge yamekwisha.

Mama ndiye aliyekuwa na hofu. Kwetu huku, mtu akisikia mafunzo ya kijeshi hafikirii televisheni, na namwelewa kabisa. Tukamweleza kwamba wakufunzi ni wanajeshi wa zamani wa vikosi maalumu, na kila mshiriki huvaa namba mkononi. Akiona yamemzidi anaivua, anaikabidhi, anaondoka. Hapo akatulia, akamwombea.

Aliyeuliza kuhusu zawadi: hakuna pesa kwa anayefika mwisho. Tunasubiri jibu la fomu, likija nitawaandikia.