Mkaa, gesi au umeme: nipikie nini kwa familia ya watu sita?

MamaPacha_Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Tuko sita, tumepanga vyumba viwili Mbagala. Napikia mkaa tangu niolewe. Zamani kisado kimoja tulikitumia siku mbili, sasa natoa 2,500 kila siku na siku ya maharage naongeza. Mwezi uliopita niliandika kila nilichonunua, ikafika 78,000. Mtoto wangu wa pili anakohoa, na daktari aliniuliza kwanza tunapikia wapi. Tunapikia koridoni, na mvua ikinyesha mlango unafungwa.

Halafu mimi ni mtu wa Kisarawe. Nikienda kumsalimia bibi, pale tulipokuwa tunaokota uyoga tukiwa wadogo pamebaki visiki. Ile miti imeishia kwenye majiko ya Dar, langu likiwamo. Inaniuma.

Nina akiba ya 150,000. Nimewaza mtungi wa gesi na jiko la pleti mbili, au presha kuka ya umeme, au nibaki na mkaa ila ninunue jiko banifu na kuchanganya mkaa mbadala. Mwenye uzoefu aniambie alichokiona jikoni kwake, matangazo nimeshayasikia. Jambo jingine la kujua ni kwamba muuza mkaa wangu hunikopesha mwisho wa mwezi. Gesi hakuna anayenikopesha.

Fundi_Nyaya
Dada, mimi ni fundi umeme. Chukua kalamu tuhesabu.

Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati inayokaribia uniti 13 za umeme. Lakini kwenye jiko la gesi ni nusu na ushei tu ya moto ndiyo inayoingia chunguni. Jiko la mkaa la bati ni baya zaidi, sehemu moja kati ya tano ndiyo inayopika, nyingine zote zinapasha ukuta na miguu yako. Presha kuka imefungwa na imevikwa koti pembeni, joto halina pa kutokea, na ikishapanda presha inajizima na kujiwasha yenyewe.

Nyumbani nimepima kwa kusoma mita kabla na baada. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku ilikula chini kidogo ya nusu uniti. Kwa bei ya kawaida uniti ni kama 356 ukiweka na makato, kwa hiyo sufuria lote la maharage halifiki shilingi 200. Linganisha na kisado.

Tahadhari moja: usiichomeke hiyo kuka kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Ile inavuta kama wati 1,000 na waya utayeyuka. Ichomeke ukutani moja kwa moja.

Shangazi_Temeke
Mwanangu, ngoja nikwambie ukweli ambao wenye gesi wengi hatuusemi. Gesi ninayo mwaka wa nne. Na mkaa bado nanunua.

Gesi ni ya chai, mayai, kupasha kiporo, mboga za haraka. Ikija zamu ya maharage, makande au kongoro nawasha mkaa, kwa sababu moyo unakataa kuona mtungi unaungua saa tatu. Siku moja nilikaa nikajiuliza mkaa wangu umepungua kiasi gani. Umepungua kidogo sana, kwa sababu vile vyakula vya muda mrefu ndivyo vilivyokuwa vinakula mkaa tangu mwanzo. Nimehamisha chai tu. Kisarawe yako haijapata nafuu yoyote kutokana na mtungi wangu.

Kwa hiyo usiulize jiko lipi ni zuri. Uliza maharage yatapikiwa wapi.

Mwanakilosa
Shangazi umenena. Ila naomba mkaa usitukanwe wote kwa pamoja, mimi natoka kwenye vijiji vinavyouchoma.

Tangu 2012 kuna vijiji kwetu Kilosa vinavyovuna mkaa kwa mpango. Msitu wa kijiji umegawanywa vitalu, kitalu kikivunwa kinaachwa kipumzike miaka 24. Miti ya miombo, yaani ile ya asili ya misitu yetu, ikikatwa vizuri kisiki huchipua chenyewe, hupandi kitu. Kandokando ya mito hapaguswi. Ushuru umejenga madarasa, na kijiji kinaulinda msitu kwa sababu unakilipa.

Serikali inataja hekta zaidi ya 400,000 za misitu zinazopotea kila mwaka nchini. Sehemu kubwa inakwenda kwa mashamba mapya, mahindi na ufuta. Mchoma mkaa mara nyingi anapita pale ambapo shamba linakuja nyuma yake. Msitu usipokuwa na faida yoyote kwa mwanakijiji, ataufyeka alime.

Tatizo lenu wa Dar ni kwamba gunia likifika Mbagala huwezi kujua limetoka kitalu cha kijiji au limeibwa usiku. Na tanuri la udongo lina hasara kubwa: kilo moja ya mkaa inaweza kumeza kilo tano mpaka kumi za kuni.

Ngalawa_Ungujaukuu
Assalaam alaikum. Sisi Unguja umeme tunaletewa kwa waya wa chini ya bahari, unatoka Ras Kiromoni unaingia Fumba. Mwaka 2008 ulikatika tukakaa gizani kama mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Bi mkubwa wangu alirudi kwenye makumbi na vifuu vya nazi, akapika kama kawaida. Waliokuwa wametupa majiko yao walihangaika.

Nami nasema wali wa nazi bila kupalia makaa juu ya kifuniko si wali ule ninaoujua mimi. Nunua presha kuka, dada yangu, lakini jiko la mkaa liweke uvunguni.

Mzalendo_Halisi
Mimi naona tunabebeshwa mzigo usio wetu. Mmarekani mmoja kwa wastani hutoa tani 14 hivi za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mtanzania hata nusu tani hafikii. Mama wa Mbagala aache kisado chake ili tabianchi ya dunia ipone? Hao wakubwa wapunguze kwanza.

MamaPacha_Mbagala
Ndugu Mzalendo, hesabu yako siipingi, na ninawadai hao kama unavyowadai. Lakini moshi ulio kifuani kwa mwanangu haujatoka Marekani. Na mwaka 2022 maji ya Mto Ruvu, unaotunywesha Dar, yaliposhuka tukawekewa mgao, ndoo nilizibeba mimi. Sisemi visiki ndivyo vilivyozuia mvua mwaka ule. Nasema ukame ukija, mto ambao vyanzo vyake vimevuliwa nguo hauna akiba ya kutupa.

Mkaazi_Likoni
Jirani zenu wa Mombasa tunawasoma. Huku serikali ilirudisha ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwa gesi Julai 2021, ukashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ukaondolewa 2023. Ile 2021 niliona ploti yetu nzima ikirudi kwa makaa ndani ya miezi miwili. Hakuna aliyekuwa amesahau faida za gesi, pesa ndizo zilikataa. Mkitaka watu wahame na wasirudi, bei isiyumbe.

Stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, kwa hivyo kupikia stima ni safi kweli. Lakini uniti kwetu ni ghali kuliko kwenu. Hiyo 356 mnayolipa ningeipokea kwa mikono miwili.

Fundi_Nyaya
Naongeza mambo mawili maana nimeona watu wanayachanganya mitaani.

Gesi ya mtungi siyo ile gesi asilia inayochimbwa kwetu Songo Songo na Mnazi Bay. Ile yetu inakwenda kwa bomba, sehemu kubwa inazalisha umeme na kuendesha viwanda, na nyumba chache za Dar, Lindi na Mtwara zimeunganishwa. Ya mtungi inakuja na meli kutoka nje. Ndiyo maana soko la dunia likipanda, mtungi unapanda hata kama Mtwara kuna gesi. Nayo bado ni mafuta ya ardhini, inatoa hewa ukaa, ingawa kwa chungu kimoja cha chakula ni nafuu mno ukilinganisha na mkaa wa tanuri la udongo.

Pili, umeme wetu umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na wa kwanza uliingia gridini Februari 2024. Kwa hiyo kupika kwa umeme sasa ni kupikia maji ya Rufiji kwa sehemu kubwa. Maji mengi zaidi ya Rufiji yanaletwa na Mto Kilombero. Tukifyeka vyanzo vya Kilombero, tope litaingia bwawani na maharage yetu yatakosa moto. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na sioni tutakavyofika bila kutunza mto huo.

MamaPacha_Mbagala
Nashukuru wote. Kuna kikwazo nilisahau kusema: LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja, wapangaji wanne, na mwenye nyumba amekataza majiko ya umeme. Anasema tutagombana.

Shangazi_Temeke
Mpelekee hesabu ya Fundi, tena upike mbele yake. Wanaojua jiko la koili la zamani wanaogopa, na wana haki, lile lilikuwa linafagia uniti.

Fundi_Nyaya
Au mfunge mita ndogo ya ndani kwenye chumba chako. Kila mtu anaona alichokula, ugomvi unaisha.

MamaPacha_Mbagala *(wiki tatu baadaye)*
Wapendwa, narudi na majibu kama nilivyoahidi Shangazi inbox.

Nilimpikia mwenye nyumba maharage, akakaa pembeni ya mita mwenyewe. Akakubali, kwa sharti la mita ndogo. Presha kuka nimeipata 115,000. Gesi sikununua mtungi mpya, dada yangu alikuwa na wa kilo 6 umelala tangu mwaka jana, nikaujaza kwa 24,000.

Wiki tatu zimekwenda hivi: uniti 14 za umeme, kama 5,000. Gesi imeisha siku ya ishirini, nimepikia ugali, chai na mboga. Mkaa nimenunua visado vitatu tu, viwili umeme ulipokatika, kimoja wageni walipokuja tukataka pilau ya kupalia. Jumla 36,500. Kwa mwendo wa zamani ningekuwa nimefika 54,000 na zaidi.

Maharage, makande na nyama vimehama kabisa. Ugali kwenye gesi bado unanisumbua, sufuria linateleza juu ya jiko nikisonga, nimelifunga waya lakini naombeni njia bora. Mtoto bado anakohoa usiku, mchana amepungua.

Sasa la mwisho. Muuza mkaa wangu ameniuliza mbona sionekani. Nilimweleza ukweli, hakukunja uso, alinyamaza tu. Ana watoto wanne, na kile kibanda ndicho kinachowalisha. Anataka kujua mtaji wa kuanza kuuza mitungi midogo, vibali vinavyohitajika, na kama kuna wakala anayekubali kumwachia mitungi akalipa ikishauzwa. Mwenye duka la gesi humu ndani aniandikie, nitampelekea majibu kesho asubuhi.