Kisigino si pima maji: huyu bwana ameniharibia doweli mchana kweupe

Fundi Nondo wa Zamani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika zege likiwa bado kwenye kucha zangu, kwa sababu nisipoandika sasa nitalala na hasira, na kwa presha yangu hii sitaamka. Huyu bwana mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hapa Tanga hakuna fundi kuanzia Chumbageni hadi Pongwe ambaye hajamwona akishuka garini huku amekinyooshea kidole kitu asichokijua. Leo saa tano asubuhi, mbele ya vibarua tisa na mama lishe mmoja, ameikanyaga doweli yangu kwa kisigino.

Narudia: kwa kisigino.

Kazi yenyewe ni sakafu ya uwanja wa kuegesha malori, zege la unene wa milimita 200. Tangu alfajiri nilikuwa nimepiga magoti nikipanga doweli, ambazo ni nondo laini za milimita 25 zenye urefu wa milimita 450, moja kila baada ya milimita 300, kumi na tano kwa kila kiungo, yaani kila mstari uliopangwa kutenganisha kipande kimoja cha zege na kingine, zote zikiwa katikati ya unene wa zege na zote zikifuata urefu wa sakafu bila hata moja kuinua pua. Nilivuta kamba, nikaweka pima maji juu ya kila moja, kisha nikaipaka grisi nusu yake taratibu, kama mtu anayempaka mafuta mtoto aliyetoka kuogeshwa. Baadaye toroli la zege likaigusa ya saba, ikainama kidogo. Nikaomba dakika tano niinyooshe. Bwana yule akatazama saa yake, akapanda juu ya kichanja, kile kiunzi kinachozishikilia doweli, na kile kiatu chake kilichochongoka kama omo ya jahazi, akaikandamiza doweli kwa kisigino hadi kichanja kikalia, kisha akatamka maneno nitakayozikwa nayo: "Nondo ni nondo. Ikishafunikwa, nani ataiona?"

Hakuridhika. Aliona ya nane imebaki juu, akaipiga teke "ili zilingane". Hivi ninavyoandika, ya saba inaelekea Pangani na ya nane inaelekea Horohoro, na zote mbili zimo ndani ya zege.

Nani ataiona? Zege litaiona! Doweli imewekwa pale ivushe uzito wa gurudumu kutoka kipande kimoja kwenda cha pili, ili kipande kimoja kisizame peke yake, na wakati huohuo iviache vipande vyote viwili visogee joto linapopanda na kushuka. Kipande cha mita 5, joto likibadilika kwa nyuzi 20, husogea takriban milimita 1. Ni kidogo, lakini zege halibembelezwi. Fikirini mtoto wa meza: reli zake zikiwa sambamba, unamvuta kwa kidole kimoja, reli moja ikienda kombo, unavuta hadi meza nzima inakufuata. Ndivyo zitakavyofanya doweli mbili zinazogombana: kiungo kitakwama, na zege litajitafutia mahali pengine pa kupasukia, pembeni kidogo ya pale tulipopanga. Litakapopasuka, mlio wake utasikika Pemba.

Kwa kisigino, wakuu. Mapango ya Amboni yamenyooka kuliko doweli ile. Na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamjibu, "Sawa, bosi."

Kokoto ya Maweni

Pole sana, mleta uzi. Hata hivyo, umetuandikia aya tano za ushujaa na jibu ulilompa mhusika ni "Sawa, bosi". Tungependa kufahamu: kisigino kilikanyaga doweli au kilikanyaga ulimi?

Bibi Mwiko

Je, ni yule anayevaa miwani kichwani badala ya machoni? Kama ndiye, basi wewe umepata nafuu. Kwetu alisema grisi ni uchafu, akaamuru doweli zote zifutwe kwa gunia, na tulipomweleza kwamba doweli isiyo na grisi hung'ang'aniwa na zege pande zote mbili, akatuuliza kama tumekuja kujenga au kukaanga maandazi.

Mzee wa Toroli

Mimi ndiye niliyekuwa na toroli siku ya leo, na ninaomba ieleweke kwa wote wanaosoma kwamba toroli langu halikuigusa doweli ya saba. Liligusa ya sita. Tena liliigusa kwa heshima.

Fundi Nondo wa Zamani

Ya sita au ya saba, kisigino ni kilekile. Nawe nenda kalale, kesho tunamwaga mapema.

Mwanafunzi wa Ujenzi

Shikamooni. Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, lakini darasani tulifundishwa kwamba nondo zenye meno hushika zege vizuri kuliko nondo laini. Kwa nini basi zisitumike hizo hapo?

Kokoto ya Maweni

Marahaba, mwanangu. Zenye meno ni za kiungo cha urefu, kati ya mstari mmoja wa zege na mwingine, mahali ambapo tunataka vipande vishikane visiachane. Kwenye kiungo kinachokatiza njia, kama hiki cha mleta uzi, tunataka viteleze. Usimwambie yule bwana kwamba umeuliza swali hili, atakuajiri kesho.

Mkata Zege

Mnalia juu ya doweli mbili, na mimi nani atanililia? Kazi yangu ni kukata kiungo kwa mashine, robo hadi theluthi ya unene wa zege, siku ileile ya kumwaga, mara tu zege linapoweza kubeba msumeno bila kung'oka kokoto. Bwana huyohuyo aliniambia nije "baada ya Alasiri", nikafika. Akasema nisubiri, nikasubiri. Akasema nirudi kesho, nikarudi, na nikakuta ufa umeshajikatia wenyewe usiku, umepinda kama mkia wa mjusi. Aligoma kunilipa kwa hoja kwamba kazi ilikuwa imekwisha fanyika. Isitoshe, hakuna aliyeweka alama kwenye mbao za pembeni kuonyesha katikati ya doweli ni wapi. Mnataka nikate kwa ramli?

Fundi Nondo wa Zamani

Alama niliweka mimi, kwa chaki nyekundu. Tafadhali turudi kwenye kisigino.

Mkata Zege

Chaki! Pwani hii, na unyevu huu? Piga msumari kwenye ubao, mzee wangu.

Guta la Ngamiani

Nyote mna nafuu, kwa kuwa nyinyi huondoka zege likikauka. Sisi ndio tunaopita juu yake. Mwezi uliopita nilikuwa nimepakia machungwa ya Muheza, nikafika kwenye kiungo ambacho kipande kimoja kimeshuka na cha pili kimebaki juu, ngazi ya unene wa kiberiti cha njiti. Ninajua kwa sababu nilikipima kwa kiberiti. Gurudumu la mbele likagota, guta likasimama, machungwa yakaendelea na safari.

Bibi Mwiko

Machungwa mangapi? Na nani aliyalipa?

Guta la Ngamiani

Gunia zima. Nililipa mimi, isipokuwa yale yaliyoliwa na mashahidi.

Mzee wa Toroli

Nilikuwepo. Yalikuwa machachu.

Mkata Zege

Ndugu wa guta, naomba unijibu kwa umakini: kipande kilichoshuka ni kile ambacho lori hukikanyaga kwanza, au ni kile cha mbele yake? Mara nyingi huwa ni cha mbele, kwa sababu maji ya chini ya kiungo hukisukumia udongo kile cha nyuma, nacho hubaki kimenyanyuka.

Guta la Ngamiani

Bwana mkubwa, mimi nilikuwa chini ya lori la watu nikifukuza machungwa. Sikuangalia.

Fundi Nondo wa Zamani

Jamani, kisigino.

Bibi Mwiko

Machachu kivipi, na msimu ulikuwa umeshafika?