Mrejesho: jumla ya mauzo iliyokuwa inapungua kwenye ripoti yetu ya pamoja

Jamani nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuliona swali langu: ripoti ya mauzo tunayojaza wengi kwenye Google Sheets (lahajedwali la mtandaoni) ilikuwa inatoa jumla pungufu, ilhali nikijumlisha kwa kikokotoo napata zaidi. Pia baadhi ya safu mlalo zilikuwa zinapotea, na tarehe nyingine zilikuwa zinasomeka vibaya. Nikadhani fomula imeharibika.

Aliyeniambia nitazame upande namba zilipoegemea, Mungu akubariki. Nyingi zilikaa kulia, lakini zile zilizonakiliwa kutoka mfumo wa ankara zilikaa kushoto. Maana yake ni maandishi tu, na SUM, fomula ya kujumlisha, huyaruka kimyakimya bila kuonyesha kosa lolote. Nikajaribu TRIM, ile ya kuondoa nafasi za ziada, wapi! Nikahesabu herufi kwa LEN: namba ya tarakimu nne ikaniambia 5. Kulikuwa na nafasi isiyoonekana mwishoni, ile ya msimbo 160, ambayo TRIM haiiondoi. Iliyonitoa ni hii, inayofuta nafasi hiyo kisha kugeuza maandishi kuwa namba:

=VALUE(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160),""))

Nikaiburuta hadi chini, jumla ikakaa sawa na ankara. Nilifurahi mno, maana nilikuwa karibu kumshuku mwenzangu bure.

Lile la pili, la safu mlalo kupotea, lilikuwa dogo: mtu akiweka kichujio cha kawaida ili aone safu anazotaka tu, wote tunafichiwa zile nyingine. Sasa kila mmoja anatumia mwonekano wake wa kichujio (filter view), ambao haubadilishi wanachokiona wengine.

Bado tarehe. Baadhi zinasomeka mwezi kwanza, siku baadaye. Naanza na mipangilio ya eneo ya faili (locale, yaani nchi ambayo faili inafuata mtindo wake wa tarehe), kisha nitawaambia.