Msaada: E = F/q, nikiongeza q uga wa umeme unapungua?

Ujiji_PCM: Wakuu habari. Kidato cha tano, Kigoma. E = F/q (uga E ni kani F kwa kila chaji q) inaonyesha chaji ikikua uga unapungua, E = kQ/r² (k ni 9×10⁹, r ni umbali kutoka kwenye chaji) inaonyesha unaongezeka. Nishike ipi? Halafu jaribio la rula ya plastiki iliyosuguliwa kwa sufu na kidonge cha foili kilichoning'inizwa kwa uzi, mvua hizi limegoma kabisa.

Isevya: Zote sahihi, ila chaji ni mbili. Q ndiyo inayotengeneza uga. q ni ya kupimia tu. Chukua Q = 2 µC (µC ni 10⁻⁶ ya kulombi, kipimo cha chaji), umbali r = sm 30:

E = 9×10⁹ × 2×10⁻⁶ ÷ 0.3² = 200,000 N/C

Weka hapo q ya 3 nC (nC ni 10⁻⁹ ya kulombi), kani ni 6×10⁻⁴ N. Weka 6 nC, kani inafika 1.2×10⁻³ N. Gawanya: 200,000 tena. q ikipanda F inapanda nayo. Iondoe kabisa, uga bado upo. Maksi nyingi zinaliwa na r: watu wanasahau kugeuza sm kuwa mita, au kuipiga kipeo cha pili.

Mshumaa: Nyongeza kwa mkuu Isevya: hiyo ni kama Q imetulia. Ikiwa juu ya tufe la chuma, q kubwa itazisogeza chaji zake na E itabadilika. Ndiyo maana q huwa ndogo sana. Na hizo 2 µC za mitihani, dah! Hewa kavu huachia cheche uga ukifika kama milioni 3 V/m (sawa na N/C), kwa hiyo tufe lingehitaji nusu kipenyo cha karibu sm 8. Gololi haiwezi kuzibeba.

Isevya: Kweli kabisa.

Mwalimu_wa_Maabara: Kuhusu jaribio, adui ni unyevu. Uzi wa pamba ukinyonya maji unavujisha chaji. Tumia mshipi mwembamba wa kuvulia, ni nailoni na huko Kigoma haukosekani. Kausha rula na kitambaa cha sufu karibu na jiko la mkaa, kisha jaribu mbali nalo, kwa sababu moto unatoa ayoni (chembe zenye chaji) zinazoua chaji ya rula. Kidonge cha foili kiwe chepesi, kipenyo kama sm 1. Kitavutwa kwanza ingawa hakina chaji, maana rula inavuta chaji kinyume upande wa karibu, ambako uga ni mkali zaidi. Kikigusa kitarushwa. Kikinatia, viringisha rula: plastiki haipitishi umeme, kinachota chaji ya pale kilipogusa tu.