Namba ya Rd kwenye chombo cha maua cha kioo cha urani: inaeleza umri gani?

Binti Kilosa:
Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Newcastle, Uingereza, na Jumamosi iliyopita nilinunua sokoni chombo cha maua cha kioo cha manjano, chenye kimo cha sentimita 15, ambacho ukingo wake ni mweupe kama maziwa. Nilipokimulika kwa tochi ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti bandia, kiling'aa chote kwa rangi ya kijani, kama king'aavyo kioo kilichotiwa urani. Kina herufi Rd (kifupi cha neno la Kiingereza "registered", yaani muundo uliosajiliwa) na namba ya tarakimu 6 inayoanza na 13. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni cha miaka ya 1830. Je, inawezekana?

Fundi Bilauri:
Haiwezekani, dada. Ni kweli kwamba miaka ya 1830 Josef Riedel alikuwa akitengeneza kioo cha urani huko Bohemia (sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki), na rangi zake mbili, ya kijani na ya manjano, alizipa jina la mkewe Anna. Lakini namba za Rd zilianza kutolewa Uingereza mwaka 1884, na kabla ya hapo, tangu 1842, miundo iliyosajiliwa ilipigwa alama yenye umbo la almasi. Namba za mwaka 1889 zilianzia 116648 na za 1890 zilianzia 141273, kwa hiyo muundo wa chombo chako ulisajiliwa 1889. Manjano yanayoishia kwenye ukingo wa maziwa yananipeleka kwenye kiwanda cha George Davidson cha Gateshead, ng'ambo tu ya mto Tyne kutoka hapo ulipo, ambacho mwaka huohuo kilipata hataza ya kioo kilichoitwa Pearline. Ukingo ule haukupakwa rangi: chombo kilipotoka kwenye kalibu kilirudishwa motoni, na sehemu iliyopata joto upya ndiyo iliyogeuka nyeupe. Mimi bado hustaajabia ustadi wa mafundi wale.

Mzee wa Makabati:
Fundi amesema kweli, ila namba ile ni ya muundo, si ya chombo chenyewe. Kalibu ya chuma iliweza kutumika miaka mingi baada ya kusajiliwa, hivyo ni salama zaidi kuandika "si kabla ya 1889". Kisha kigeuze ukakague kitako kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu chombo kilichosogezwa mezani kwa zaidi ya karne huwa na mikwaruzo myembamba inayopishana kila upande, ilhali kilichozeeshwa kwa msasa huonyesha mistari inayoelekea upande mmoja.

Binti Kilosa:
Ahsanteni sana. Nimekikagua dirishani asubuhi hii: mikwaruzo inapishana, tena imekolea pale tu kitako kinapogusa meza. Nimeandika kikaratasi nikakitia ndani yake: "Huenda ni Davidson, Gateshead, si kabla ya 1889."