Mbio za baiskeli za siku tano milimani: mtu wa Lubumbashi ajiandae vipi?

MtotoWaKatuba

Salamu kwenu wakubwa na wenzangu. Kwa misimu mitatu nimeshindana mbio za siku moja hapa Lubumbashi, nyingi zikiwa kwenye barabara ya Likasi na ile ya Kipushi, na mara mbili nimemaliza miongoni mwa kumi wa kwanza. Sasa klabu yetu imealikwa kwenye mbio za hatua tano mfululizo, hatua moja kila siku, katika nchi jirani yenye milima, nami ni mmoja wa sita waliochaguliwa. Nina kilo 64 na nguvu yangu iko kwenye tambarare.

Mambo mawili yananikosesha usingizi. Je, nijitupe mbele siku ya kwanza, ambayo ndiyo pekee iliyo tambarare, ili nijiwekee akiba ya muda? Na nitafanyaje mazoezi ya kupanda, ilhali mji wetu, ukiacha kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, hauna mwinuko wa maana? Zimebaki wiki tisa.

PapaWaKenya (mtaa wa Kenya, si nchi)

Mwanangu, hongera. La kwanza nalijibu bila kuzunguka: usijitupe. Katika mbio za siku moja anayevuka mstari mbele ya wengine ameshinda na mambo yamekwisha, lakini katika mbio za hatua huhesabiwa jumla ya muda wa siku zote, kwa hiyo sekunde arobaini ulizozichuma siku ya kwanza kwa kujikamua zinaweza kukugharimu dakika sita siku ya tatu, miguu itakapodai deni lake. Chris Froome, yule aliyezaliwa Nairobi, alitwaa Tour de France ya 2017 bila kushinda hatua hata moja. Kaa ndani ya kundi, mahali ambapo mgongo wa mwenzako unakukinga na upepo na kukupunguzia kazi kwa karibu theluthi moja.

Hilo halina maana kwamba sekunde ni za kuchezea. Mwaka 1989, baada ya wiki tatu za mbio hizo hizo za Ufaransa, Greg LeMond alimshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8 tu. Mimi zangu zilinipotea kijinga: tulipokuwa tunaingia mjini siku ya pili nilikuwa nimelegea mkiani, kwenye kona ya mwisho aliyekuwa mbele yangu akaogopa mchanga na kushika breki, kundi likakatika, na waamuzi wakatuandikia sisi wa nyuma sekunde 17 zaidi. Siku ya mwisho nilizidiwa na aliyenitangulia kwenye jedwali kwa sekunde 11. Fanya hesabu mwenyewe. Ukianguka au ukipata pancha ndani ya kilomita tatu za mwisho za hatua ya tambarare, kwa kawaida hupewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Ukizubaa, hupewi kitu. Kitabu cha kanuni kisome kabla ya kusafiri, kwa kuwa kinga hiyo haihusu hatua inayoishia kileleni.

Siku za milima usijaribu kufuatana na wepesi. Watu wa tambarare kama wewe hujikusanya nyuma katika kundi lao, wakapanda kwa mwendo mmoja wakihesabu dakika ili wafike kabla ya muda wa mwisho, ambao hukokotolewa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Litafute kundi hilo mapema, maana ukiachwa peke yako katikati ya mlima, hata bondeni hutalipata tena.

MshaleWaBelAir

Kwa heshima zote, Papa, ushauri huo unamfaa anayewania jumla. Huyu ndugu yetu hataiwania, na yeye mwenyewe anajua. Kama atapoteza nusu saa milimani hata hivyo, kwa nini asijaribu bahati siku pekee inayomfaa, ambapo wa kwanza watatu mstarini mara nyingi hukatiwa sekunde 10, 6 na 4?

PapaWaKenya

Una hoja, mwanangu, lakini umekosea siku. Siku ya kwanza kila mtu ana muda sawa na mwenzake, kwa hiyo hakuna atakayeachwa aende zake. Akishabaki nyuma kwa nusu saa, timu ya mwenye jezi ya anayeongoza kwa jumla haitakuwa na sababu ya kumkimbiza. Ajaribu siku ya nne, barabara ikiwa ya vilima vidogo.

MamaRuashi

Mimi ni muuguzi na nimehudumia timu safarini mara kadhaa. Wanaoacha mbio siku ya tatu, wengi wao nimewaona wakishindwa na tumbo au makalio kabla ya mapafu. Akiba ya wanga mwilini haimalizi hata saa mbili za kazi ngumu, kwa hiyo anza kula dakika ya ishirini, kabla njaa haijaja, na ulenge gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa: ndizi moja ina takriban 25, na vijiko viwili vikubwa vya sukari kwenye chupa, pamoja na chumvi kidogo, vina kiasi kama hicho. Ukishuka tu kwenye baiskeli, kula wali kabla ya kuoga. Bukari (ugali) kwa sombe (kisamvu) na maharagwe tunavipenda sote, lakini nyuzinyuzi zake asubuhi ya mbio ni mzigo. Viache hadi utakaporudi nyumbani. Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, vilevile, kwani huwezi kujua umechacha kiasi gani.

Kaptula ivue dakika ile ile unapomaliza, uifue kwa sabuni, uizungushe ndani ya taulo kavu, kisha uikanyage kwa miguu yote miwili hadi taulo ilowe. Asubuhi itakuwa imekauka. Kipele kimoja chini ya tandiko kinatosha kukurudisha ndani ya gari.

FundiKamalondo

Mlima unaweza kuuiga. Nenda barabara ya Kipushi upepo ukiwa usoni, weka gia nzito, kanyaga polepole ukiwa umekaa kwa dakika kumi na tano, pumzika tano, rudia mara nne. Fanya hivyo siku tatu zinazofuatana, kwa sababu siku ya tatu ndiyo inayokufunza unachokiendea. Pia, kabla ya yote, niambie gurudumu la nyuma lina meno mangapi kwenye gia kubwa kabisa.

MtotoWaKatuba

Nawashukuru sana wazee wangu, na wewe pia, Mshale. Fundi, nimehesabu mara mbili: nyuma ni 25, na mbele gia ndogo ni 39.

FundiKamalondo

Kwa hiyo goti lako lisingefika siku ya tatu. Tunahitaji 34 mbele na 32 nyuma, na huenda mkono wa kubadilishia gia wa nyuma ni mfupi mno kwa meno hayo. Niletee baiskeli hiyo Jumamosi kabla ya saa sita, na cheni usiinunue kwanza, nitaipima mwenyewe.