Mrejesho: Babu yangu aliyepigana Burma

Wakuu, niliuliza namna ya kujua umri wa babu, baba yake mzee wangu, na alikopita huko Burma (Myanmar ya leo) kwenye Vita Kuu ya Pili. Asanteni sana. Ushauri wa kuacha kudai tarehe na kuwauliza wazee "kulikuwa na nini wakati ule" ndio ulionisaidia. Shangazi alikumbuka kuwa babu alizaliwa wakati wa homa kubwa, vita vya Mjerumani, yaani Vita Kuu ya Kwanza, vikiisha. Hayo ni mafua ya 1918 hadi 1919. Basi mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kikosi cha jeshi la Mwingereza, ikipenya bonde la Kabaw huko Burma kwenye mvua na matope kuelekea mto Chindwin, babu alikuwa na miaka 25 hivi. Mdogo kuliko mimi leo! Namba yake ya jeshi sijaipata. Medali yake ya Nyota ya Burma, waliyopewa waliopigana huko, haina jina lake. Bado natafuta.